Talib Fundi Kanzu na Gitaa la Umeme

Talib wa Michenzani anajulikana kwa vitu viwili: kanzu zake na mdomo wake. Kwa kanzu hana mpinzani. Anashona kwenye kiduka chembamba nyuma ya soko la Darajani, na mtu akitoka kusali Idi na kanzu ya Talib mwilini hana haja ya kuuliza kama kapendeza; ataambiwa njia nzima. Ama mdomo, Mungu amsamehe. Mdomo wa Talib haujui kupita kando.

Ukitaka kuusikia mdomo huo ukifanya kazi, ilikuwa umtajie gitaa la umeme. Yeye ni mpigaji wa gitaa kavu, lile la mbao lisilotaka waya wala spika, na kalipiga tangu hajaota ndevu mpaka leo ndevu zina mvi. Baada ya sala ya alasiri, wateja wakipungua, hulitoa nyuma ya pazia akalipakata, na watu wanaotoka kununua samaki husimama kidogo na vikapu vyao kumsikiliza. Anapiga vizuri, hilo hata wasiompenda wanalikubali. Lakini Talib kusifiwa hakumtoshi, lazima na mwengine atiwe dosari.

"Gitaa la umeme?" husema. "Lile si gitaa, yakhe. Lile pasi yenye nyuzi. Tena pasi ina heshima zaidi, inanyoosha kola."

Maneno haya kayasema barazani mbele za watu, na si mara moja kayasema mbele ya Nadir. Nadir ana kikundi kidogo cha taarabu kinachopiga kwenye harusi, na gitaa lake, kwa bahati mbaya, ni la umeme. Wawili hawa ni marafiki wa tangu utoto. Walijifunza pamoja kwenye gitaa moja la kuazima, wakinyang'anyana. Kila Talib alipotoa hiyo pasi yake, Nadir alicheka pamoja na wenzake, lakini alikuwa anaweka. Asikudanganye mtu kwamba Nadir husahau.

Basi ndipo Faiza akaposwa.

Faiza ni mtoto wa pekee wa Talib na mkewe, Bi Kazija. Walimpata wameshakata tamaa, na alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akichezea vipande vinavyoanguka. Mposaji ni kijana wa Kizimkazi anayepeleka wageni baharini kutazama pomboo, mtaratibu na mwenye adabu, na Talib hakupata la kusema juu yake, jambo lililowashangaza wengi. Ndoa ingefungwa msikitini. Jioni yake wanawake wangekuwa na sherehe yao ukumbini, bibi harusi atolewe, atembezwe taratibu katikati ya watu mpaka jukwaani.

"Na mimi n'takaa wapi?" Talib akamuuliza mkewe.

Bi Kazija alikuwa anachambua mchele. "Utakaa wapi, wapi?"

"Ukumbini."

"Lahaula! Ukumbini kwa wanawake? Watu wamevua mabuibui, wamejipamba, wewe umo unakodoa macho? Umepoteza nini humo?"

"Simtazami mtu mimi. Namtazama mwanangu."

"Mwanao utamuona akija na mumewe kukuamkia. Wanaume wanaoingia mle ni bwana harusi, akija kumchukua mkewe, na wapiga muziki. Bwana harusi si wewe, Baba Faiza. Labda ukawe mpiga muziki." Akayachekea mwenyewe maneno yake, akarudi kwenye mchele.

Yeye alisema kwa mzaha. Talib usingizi ukamruka. Hata picha asingeziona, kwa kuwa kwenye sherehe hizo simu huzuiliwa mlangoni, na ndivyo inavyotakiwa. Kawavisha mabwana harusi wa nusu ya mji, kawapigia pasi, kawafunga vifungo kwa mkono wake, na harusi ya mwanawe ataisikia kwa nje, huku amesimama barabarani. Ilimuuma, na hakuwa na wa kumwambia, maana mtu aliyezoea kuwacheka wenzake akipata lake la kulia huwa hajui aanzie kwa nani.

Siku ya pili akamwendea Nadir nyumbani kwake Malindi. Alimkuta kakaa kibarazani anabadilisha nyuzi za gitaa.

"Nshasikia harusi," alisema Nadir. "Bi Kazija kakikodi kikundi changu. Umekuja nipunguze bei?"

"Usipunguze. Nataka kupiga na nyinyi siku hiyo."

Nadir akaweka koleo chini. "Wewe? Na sisi watu wa pasi?"

"Nadir."

"Mimi nakuuliza tu. Isije ikawa umepotea njia, dobi yuko mtaa wa pili."

"Nadir, basi tena."

"Haya, sababu?"

"Nimependa tu."

"Muongo. Sema sababu, au nenda kashone kanzu."

Talib akatazama juu, akatazama chini, akatazama kama kuna anayepita. "Nataka nimuone mwanangu anaingia," akasema. "Sina njia nyengine."

Nadir akauwacha uzi aliokuwa akiukaza. Yeye ana mabinti, na wote kawaona wakitolewa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipiga. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba wenzake hawaoni. Akamtazama rafiki yake kwa huruma kwa muda mdogo sana, kisha tabia yake ikamrudia.

"Nitakuweka," akasema. "Lakini gitaa lako kavu hapana. Kuna kinanda, kuna ngoma, kuna wanawake wanapiga vigelegele. Litasikiwa na kidevu chako peke yake. Njoo na la umeme. Na utavaa sare yetu."

Sare ya kikundi cha Nadir ni shati la zambarau linalong'ara, kola kubwa, na marinda kifuani. Mshonaji wake hajulikani, na heri asijulikane. Talib alilitazama lilivyotundikwa msumarini, akaomba walau aruhusiwe kulipunguza mikono. Nadir akakataa.

"Na Kazija asijue," Talib akasema. "Akijua atanifungia ndani."

"Mimi mdomo wangu si kama wako," akajibu Nadir.

Sasa likabaki gitaa. Jipya hakuliweza, harusi ilikuwa imeshakomba mifuko yote ya nyumba ile, mpaka ya kanzu alizokuwa hajazimaliza. Akaenda Saateni kwa Mahfoudh, anayeuza vitu vya mtumba vinavyokuja kwa makontena: mafriji, mafeni, baiskeli za watoto, na juu ukutani, magitaa ya umeme. Talib alipita mlangoni mara moja kama mtu anayekwenda zake, akarudi, akaingia kwa ubavu.

"Shikamoo, Ami Talib!" Mahfoudh akaita kwa sauti ya kufurahi.

"Marahaba. Taratibu, taratibu. Nnatafuta gitaa la umeme. Si langu! La mtoto wa dada yangu, yuko Kiwengwa, anapiga hotelini."

Mahfoudh alijua fika kwamba Talib hana dada. Lakini mfanyabiashara hamkatai mteja kwa ajili ya ukoo. Akayateremsha magitaa: moja jekundu lenye mapembe mawili, moja jeusi, na moja la rangi ya kahawia, pana, lenye matundu mawili ya kujipinda kama ya fidla.

"Nikuchomekee spika usikie?"

"Usichomeke!" Talib akaruka. Ng'ambo ya njia kulikuwa na muuza juisi ya miwa, na wateja wake wote walikuwa wanaume wa Darajani. Noti moja tu ingetoka mle dukani, kabla ya magharibi mji mzima ungejua kwamba Talib kanunua pasi, na Bi Kazija angekuwa wa kwanza kuambiwa. "Mimi sikio langu linatosha."

"Ami, gitaa la umeme bila ya umeme utasikia nini?"

"Mbao ni mbao. Niachie."

Akalishika jeusi. Lilikuwa zito, akaona afadhali kupakata cherehani, akalirudisha. Akalishika jekundu. Lilikuwa jepesi, shingo yake nyembamba inakaa vizuri kiganjani, lakini nyuzi zilikuwa laini mno. Vidole vyake vilivyozoea nyuzi ngumu vilizibana mpaka sauti ikapinda. Akaliegemeza sikio, akapiga. Ti, ti, ti. Likamchukiza. Kisha akalishika la kahawia, na ndani yake mlikuwa na uwazi, na alipopiga likajibu; sauti ndogo, lakini sauti ya gitaa, ya kitu chenye kifua. Talib akafumba macho.

"Hili," akasema.

Mahfoudh akajikuna shingo. "Ami, nikwambie kwa uaminifu. Hilo tumbo lake tupu. Likikaa karibu na spika na likiielekea, linapiga mayowe. Mtu anayepiga ukumbini, sauti juu, mchukulie jekundu. Tena jekundu rahisi zaidi."

Rahisi zaidi! Hapo ndipo Talib alipozidi kutia shaka. Muuzaji anayekuzuia kununua ghali ana lake jambo.

"Mahfoudh, mimi nimekushonea kanzu ya kwanza uliyovaa duniani. Hilo jekundu limekataliwa na watu wote, sasa unanitafutia mimi?"

"Si la mtoto wa dada yako, Ami?"

"Ndiye huyo huyo!"

Wakapatana. Sehemu pesa, sehemu kanzu za Idi za Mahfoudh na wanawe wote, na wanawe Mungu kawazidisha. Gitaa likatoka dukani ndani ya mfuko wa kanzu, limening'inizwa kwenye henga, Talib kalibeba juu juu kwa heshima zote. Alipita mbele ya muuza juisi na kumsalimia. Alijiona mjanja mno siku ile.

Kuanzia hapo, kila alasiri alifunga mlango wa kiduka nusu, akaingia nyuma ya pazia, akafanya mazoezi ya nyimbo za Nadir kwenye gitaa la umeme bila ya umeme. Likimwimbia vizuri kabisa. Nje wateja walidhani anapiga lile lake la siku zote, na wengine walisema Talib siku hizi anapiga kwa adabu, labda kwa kuwa mwanawe anaolewa.

Siku ya mazoezi na kikundi ikafika. Wapigaji wote walikuwa wamekaa, mashati yao ya zambarau yametundikwa dirishani. Nadir akamchomekea waya kwa mkono wake mwenyewe, kwa taadhima, akasema, "Bismillahi, moto wa wastani, kitambaa kisiungue." Talib akalipakata vizuri. Akapiga noti moja. Ikatoka, ikakaa, ikaendelea kukaa, nene na tamu, muda mrefu baada ya kidole kumaliza kazi. Maisha yake yote alikuwa na gitaa linalosema na kunyamaza. Hakuwahi kulisikia likivuta pumzi namna ile. Akatabasamu kabla ya kujizuia, na Nadir akaliona tabasamu, akaliweka pamoja na mengine.

Kisha Talib akageuka upande wa spika, asikie vizuri zaidi.

Loh! Yowe lililotoka mle lilimfanya mpiga kinanda aangushe miwani. Gitaa lilipiga kelele lenyewe, mkono wa mtu haupo, na kila Talib alivyozidi kuisogelea spika aiulize ina nini, ndivyo lilivyozidi. Nadir alicheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kusema, akamshika mabega na kumgeuza aelekee ukuta. Yowe likakatika.

"Unaona? Likiitazama spika linalia, likiipa mgongo linatulia. Nani kakuuzia?"

"Mahfoudh. Alinambia nisilichukue."

"Ukalichukua."

"Nilidhani ananidanganya."

Talib alijaribu kila hila. Alilijaza tumboni vipande vya kanzu, vya pamba, vya hariri, mpaka likanona. Mayowe yakapungua lakini hayakuisha. Akapiga mbio Saateni kubadilisha, akaambiwa jekundu limeshanunuliwa, na mtu wa Kiwengwa, tena anapiga hotelini. Mahfoudh alimwambia hivyo bila ya kucheka, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Basi utapiga umeelekea ukuta," Nadir akahukumu. "Watu wanawasikiliza wapigaji, hawawatazami nyuso."

Jioni ya harusi ukumbi ulinukia udi na asumini. Talib aliingizwa kwa mlango wa nyuma pamoja na ngoma, shati la zambarau mwilini, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Na hapo akakuta balaa lake. Soketi iliyokuwa ikifanya kazi upande wao ilikuwa karibu na mlango mkubwa, na spika yake ikawekwa hapo hapo, baina yake na mlango. Ina maana mlango atakaoingilia Faiza uko upande wa spika. Akitazama mlango, anaitazama spika. Na huko kwengine kote ni ukuta.

"Nadir, nihamishe."

"Nikuhamishie wapi, jukwaani kwa bibi harusi?"

"Basi atakapoingia n'tawacha kupiga, nigeuke nitazame."

"Mtazame yule pale kabla hujawacha."

Alimwonyesha Bi Ummukulthum, shangazi yake Bi Kazija, aliyewekwa kulinda mlango. Bi Ummukulthum hana mzaha. Kwake yeye mwanamme anayepiga muziki si mwanamme, ni chombo kama kinanda. Lakini akiwacha kupiga tu, anarudi kuwa mwanamme, na atatolewa kwa kushikwa mkono wa shati. Ameshawahi kumtoa mpiga ngoma aliyesita kupiga ili anywe maji.

Talib akaanza kupiga, uso ukutani. Ukuta ulikuwa wa rangi ya kijani, na alipomaliza nyimbo za mwanzo alikuwa anaujua kila ufa wake. Nyuma yake aliwasikia wanawake wakicheka, wakiinuka kuwatunza wapigaji pesa, viatu vikigonga sakafu. Alimsikia mkewe akiamrisha sambusa. Vyote vilikuwa nyuma yake. Akawaza kwamba kajidhalilisha, kavaa marinda, kajiingiza ukumbini kwa hila, ili aje atazame chokaa. Macho yakaanza kumwasha.

Mlango ukafunguliwa. Vigelegele vikalipuka, na Nadir akaanza ule wimbo wa kumtolea bibi harusi.

Na bibi harusi wa kwetu akitolewa hutembea macho chini. Hatazami kulia wala kushoto, hacheki, uso umetulia kama hayupo. Somo yake, Bi Sichana, aliyemfunda, anakuwa ubavuni kumshikilia, na alikuwa kamkanya Faiza mpaka mtoto akachoka: ukinyanyua macho watasema huna haya, ukicheka watasema ulikuwa na hamu. Faiza alikuwa anakuja hivyo hivyo, kiti cha baba yake kikiwa hatua chache tu, na angempita bila ya kujua.

"Mashaallah, mashaallah," mwanamke mmoja akasema nyuma ya Talib. "Tazameni alivyopendeza mtoto wa watu."

Talib akageuka.

Yowe likatoka. Likapita juu ya kinanda, juu ya ngoma, juu ya vigelegele, likajaa ukumbi mzima. Wanawake wakaziba masikio, mmoja akasema "Yarabi, moto!" Gitaa kavu halina kitufe cha kupunguza sauti, na Talib hakukumbuka kwamba lile alilo nalo mikononi linacho. Hakukumbuka kwamba ana gitaa. Alisimama wima, shati la zambarau linang'ara, anamtazama mwanawe, na gitaa likilia.

Faiza akanyanyua macho.

Akamuona. Kwanza hakufahamu, kisha akafahamu. Kati ya mashati yale ya zambarau, moja lilikuwa na baba yake ndani. Mdomo ukamfunguka. "Baba," akasema, na akacheka, meno yote nje, mbele ya ukumbi mzima.

"Macho chini!" Bi Sichana akanong'ona, akimfinya mkono. "Faiza! Watu wanakuona!"

Faiza hakuyashusha. Alicheka na machozi yakamtoka pamoja, wanja ukaanza kuteremka, na akabaki kusimama pale pale anamtazama babake. Bi Ummukulthum alikuwa ameshaondoka mlangoni anakuja na mikono yake. Lakini Bi Kazija alimtangulia. Alikuja kwa haraka, sinia la sambusa bado kalishika, akasimama mbele ya mumewe na kumtazama kutoka kola mpaka marinda.

Talib akajaribu kuyaficha marinda kwa gitaa.

Nadir akanyoosha mkono, akakizungusha kitufe, yowe likazimika. Bi Kazija akampa shangazi yake lile sinia alishike, akamkamata Talib mabega yote mawili. Talib akajua anatolewa, akaanza kugeuka kuelekea mlango wa nyuma.

"Wapi?" mkewe akasema. Akamgeuza tena, akamweka uso kwa uso na mwanawe. "Si ushakuja? Tazama basi."

Na Talib akatazama, mpaka Faiza akafika jukwaani.